Weupe Ufichao Kasoro Saba: Poda, Ngozi na Neno *Bihaku* katika Historia ya Japani

Ikisiri

Mijadala mingi kuhusu kutukuzwa kwa ngozi nyeupe huanzia kwenye ukoloni. Makala haya yanaonesha kwamba kwa Japani mwanzo huo hautoshi. Weupe wa uso ulithaminiwa huko karne nyingi kabla ya meli za Wazungu kutia nanga, na ulikuwa alama ya daraja kabla haujawa alama ya mwanamke wala ya taifa. Kwa kutumia methali, kazi za fasihi na kumbukumbu za sheria na tiba, makala yanafuatilia jinsi weupe wa kupakwa ulivyogeuka kuwa weupe wa kuwa nao, na namna miili ya waigizaji, akina mama na watoto wachanga ilivyoilipia safari hiyo.

1. Methali na tafsiri yake

Wajapani wana methali isemayo *iro no shiroi wa shichinan kakusu*. Kwa Kiswahili tunaweza kusema: "Weupe huficha kasoro saba." Tafsiri hii inakuja kwa wepesi usiotarajiwa. Katika Kijapani, neno *iro* ni "rangi" tu. Ngozi haitajwi, na kila msikilizaji anaelewa kwamba ni rangi ya mtu inayosemwa. Kiswahili nacho hufanya vivyo hivyo. Tukisema "yule dada mweupe", hatumaanishi Mzungu. Tunamaanisha Mwafrika ambaye rangi yake imeng'aa kuliko ya nduguye aliye maji ya kunde au mweusi. Katika lugha zote mbili, weupe huu ni wa kulinganisha watu walio ndani ya jamii moja. Msomaji aliyezoea lugha ambazo "mweupe" ni jina la mbari hulazimika kwanza kuiondoa mbari kichwani ndipo aielewe methali. Msomaji wa Kiswahili ana nafasi ya kuielewa tangu mwanzo.

Nafasi hiyo ina mtego wake. Sisi tuliokulia penye neno "mkorogo", na tunaowajua watu waliojichubua nyuso zikabaki na wekundu usio wa kawaida, tunao ufafanuzi tayari mkononi: mtawala alikuwa mweupe, mtawaliwa akatamani kufanana naye. Ufafanuzi huo una ukweli mwingi kwa Afrika Mashariki. Ukihamishiwa Japani kama ulivyo, unaanguka. Hiroshi Wagatsuma, katika makala yake ya mwaka 1967 kuhusu mtazamo wa Wajapani juu ya rangi ya ngozi, alionesha kwamba sifa ya weupe ilitangulia mawasiliano yoyote ya kudumu na Ulaya. Alionesha pia kwamba wajumbe wa Kijapani waliotumwa Marekani mwaka 1860 waliweza kuusifu weupe wa wanawake waliowaona huku wakichukizwa na rangi ya nywele na macho yao. Mtu anayeiga hachagui hivyo. Wajumbe wale walikwenda na mizani yao wenyewe, wakawapima wenyeji wao kwayo.

2. Uso mweupe, meno meusi

Kumbukumbu ya zamani iliyo wazi kuhusu poda nyeupe imo katika *Nihon Shoki*, tarehe rasmi ya nchi iliyokamilishwa mwaka 720. Inaeleza kwamba mwaka 692 mtawa wa Kibudha aitwaye Kanjō alitengeneza poda ya risasi na kumpelekea Jitō, mtawala mwanamke wa wakati huo, naye akapendezwa na kumtuza. Ujuzi wenyewe ulitoka bara, kwa njia ya Uchina na Korea, kama ulivyotoka ujuzi wa maandishi na wa dini ya mtawa huyo. Kwa hiyo hata weupe huu wa "asili" ulikuwa na ugeni ndani yake. Inafaa kulikumbuka hilo kila tunaposoma tangazo la vipodozi linalodai kuurithi urembo wa Kijapani usiochanganyika.

Katika enzi ya Heian (794–1185), wanawake wa kasri la Kyoto walijipaka poda hiyo, *oshiroi*, kuanzia usoni hadi shingoni. Waling'oa nyusi zao na kuchora nyingine juu zaidi kwenye paji la uso, na waliyatia meno rangi nyeusi. Waliishi ndani ya vyumba virefu visivyo na mwanga wa kutosha, nyuma ya mapazia ya mianzi na viwambo, na usiku taa ilikuwa ya mafuta. Uso uliopakwa poda ndio ulioweza kuonekana gizani. Meno meupe, kinyume chake, yangemulika mahali pasipotakiwa. Kisa cha binti mpenda wadudu, kilichomo katika mkusanyiko wa hadithi fupi uitwao *Tsutsumi Chūnagon Monogatari*, kinamchekesha msomaji kwa binti wa ukoo bora anayekataa kung'oa nyusi na kuyatia meno weusi; meno yake meupe, anapocheka, huwatia watu kinyaa. Tukiishia kusema kwamba "Wajapani walipenda weupe", tumekosea. Walipenda uso mweupe wenye kinywa cheusi.

Nayo methali ya kasoro saba ilikuwa imekwisha kutiwa shaka kabla haijaenea. Murasaki Shikibu, katika *Genji Monogatari* ya mwanzoni mwa karne ya 11, amemchora binti wa mwana wa mfalme ambaye ngozi yake ni nyeupe kuishinda theluji, hata inakaribia kuwa na ubuluu. Genji anaiona alfajiri moja ya theluji, lakini kinachomkaa moyoni ni pua ya yule binti: ndefu, inayoning'inia, na nyekundu kwenye ncha. Jina analojulikana kwalo, Suetsumuhana, ni la ua litoalo rangi nyekundu. Mwandishi amempa sifa kuu ya urembo wa zama zake kisha akaonesha kwamba haikufunika hata kasoro moja. Weupe ule ndio unaoifanya pua ionekane.

Maelezo yanayorudiwa mara nyingi ni yale ya jua: mkulima hupigwa na jua shambani, mtu wa daraja la juu hukaa kivulini, basi weupe ni dalili ya kutofanya kazi. Ninayakubali nusu. Hayaelezi meno meusi, na hayaelezi wanaume. Katika *Heike Monogatari*, kijana Taira no Atsumori anayeuawa katika vita vya Ichi-no-Tani mwaka 1184 ana poda nyepesi usoni na meno yaliyotiwa weusi. Kumagai Naozane, shujaa wa mashariki anayemvua kofia ya chuma ili amkate kichwa, anauona uso huo na kutambua kwamba amemshika mtoto wa watu wakubwa, rika la mwanawe mwenyewe; mkono wake unasita. Tadanori, wa ukoo huohuo, anatambuliwa na maadui kwa meno yake. Atsumori alikuwa mpanda farasi aliyekwenda vitani juani kama wengine. Alichokivaa usoni kilikuwa vazi la kasri, lililosema yeye ni nani kabla hajalitaja jina lake, tena likasema mbele ya adui.

3. Weupe unaouzwa

Katika enzi ya Edo (1603–1868) poda ilitoka kasrini ikaingia mitaani. Ziliuzwa poda za aina mbili, moja ya risasi na nyingine ya zebaki, hii ya pili ikihusishwa na eneo la Ise. Wake wa wafanyabiashara, watumishi wa nyumbani, makahaba wa Yoshiwara na waigizaji wa kabuki wanaoigiza wanawake wote waliitumia, kila mmoja kwa kipimo chake. Kitagawa Morisada, aliyeanza kuandika kumbukumbu zake za desturi mwaka 1837, anatofautisha miji: Kyoto na Osaka walipaka poda nzito, Edo walipenda iliyo nyepesi. Kabla ya poda uso ulioshwa kwa mfuko wa pumba za mchele, au kwa kinyesi kilichokaushwa cha ndege aitwaye *uguisu*, ambacho kilitumika pia kuondoa madoa kwenye nguo. Maji ya dodoki yalipakwa ili kulainisha ngozi.

Mwaka 1813 kilitoka kitabu *Miyako Fūzoku Kewaiden* cha Sayama Hanshichimaru, mwongozo wa urembo ulioendelea kuchapwa tena na tena hadi karne ya 20. Kitabu hicho kinafundisha kupaka poda kwa hatua: kuikoroga kwa maji, kuitandaza kwa brashi, kuibana kwa karatasi, kuifuta palipozidi. Kinafundisha pia namna ya kuifanya pua ionekane imeinuka kwa kuongeza poda juu ya mfupa wake. Lakini kinataka zaidi ya hapo. Kimesheheni dawa za kuipa ngozi yenyewe weupe, na mwandishi anamwahidi msomaji kwamba hata aliyezaliwa na rangi ya kukoza anaweza kubadilika. Ndani ya kitabu kimoja basi tunaukuta weupe wa kupakwa, unaooshwa jioni, pamoja na weupe wa kuwa nao. Ule wa pili haukuletwa na maabara za karne ya 20. Ulikuwa ukisubiri kwenye kurasa hizi.

Kwa mwanafunzi wa fasihi, jambo la kuvutia zaidi katika zama hizi ni ukaribu wa kalamu na duka. Shikitei Sanba, mwandishi wa *Ukiyoburo*, kazi ya kuchekesha inayonasa mazungumzo ya watu kwenye bafu la umma, alikuwa pia na duka la dawa mjini Edo. Tangu mwaka 1811 aliuza maji ya kupaka usoni aliyoyaita *Edo no mizu*, yaani "maji ya Edo", yaliyosaidia poda ishike vizuri. Na hakusita kuyataja maji hayo ndani ya vitabu vyake mwenyewe. Poda iitwayo *Bien senjokō*, iliyochukua jina lake kutoka kwa mwigizaji mashuhuri wa nafasi za kike, Segawa Kikunojō wa tatu, huonekana mara kwa mara katika picha za wanawake zilizochapwa kwa mbao, hasa za Keisai Eisen, pakiti yake ikiwa imewekwa mahali ambapo jicho halitaikosa. Wahakiki wa sanaa wamezoea kuzisoma picha hizo kama kumbukumbu za urembo wa Edo. Ni kumbukumbu za urembo, na ni matangazo, na sioni njia ya kulitenganisha la kwanza na la pili.

4. Risasi

Serikali ya Meiji ilipoanza kuijenga Japani mpya, iligusa uso kwa kuchagua. Mwaka 1870 watu wa tabaka la makabaila walikatazwa kuyatia meno weusi na kunyoa nyusi. Mwaka 1873 mke wa Tennō alionekana na meno yasiyotiwa rangi, na wanawake wa mijini wakafuata. Desturi ya takriban miaka elfu moja ilififia kwa sababu wageni waliiona ya kishenzi. Poda nyeupe haikuguswa. Uso mweupe haukuwaaibisha mabalozi, nao ukabaki, ukiwa umeachana na meno meusi yaliyokuwa sehemu ya maana yake. Hapa ndipo Ulaya ilipoingia kweli katika historia hii. Haikuleta tamaa ya weupe. Ilichuja desturi za zamani, ikauacha weupe peke yake.

Mwezi Aprili 1887 kabuki iliigizwa kwa mara ya kwanza rasmi mbele ya Tennō, katika makazi ya waziri Inoue Kaoru. Nakamura Fukusuke wa nne, ambaye baadaye alilirithi jina kubwa la Utaemon, alikuwa mmoja wa waigizaji. Mwili wake ulianza kutetemeka jukwaani. Ugonjwa wake ulielezwa kuwa ni sumu ya risasi iliyotokana na poda aliyokuwa akijipaka tangu utotoni, na habari hiyo ikawa gumzo la nchi. Waigizaji na makahaba walikuwa wakiugua hivyo kwa vizazi; ilibidi mmoja wao atetemeke mbele ya mfalme ndipo risasi iwe suala la umma.

Hata hivyo sheria haikuwa na haraka. Kanuni za mwaka 1900 kuhusu rangi zenye madhara zilipiga marufuku matumizi ya risasi katika bidhaa kadhaa, lakini poda ya uso iliruhusiwa kuendelea "kwa wakati huu". Wakati huo ulidumu zaidi ya miaka thelathini. Poda isiyo na risasi ilikuwapo. *Misono oshiroi* iliingia sokoni mwaka 1904. Ile ya risasi ilikuwa ikitandaa vizuri zaidi na kushika ngozi kwa muda mrefu, na wanunuzi waliijua tofauti.

Wakati huohuo madaktari wa watoto walikuwa wakipambana na ugonjwa usioeleweka, uliowapata watoto wachanga wanaonyonya na kufanana na homa ya uti wa mgongo. Wakauita "ile iitwayo homa ya utando wa ubongo", kwa kukosa jina bora. Mwaka 1923 Hirai Ikutarō, daktari wa Chuo Kikuu cha Kyoto, alieleza chanzo chake. Ilikuwa sumu ya risasi, na risasi hiyo ilitoka kwenye poda ya mama. Mtoto aliipata shingoni na kifuani pa mama yake alipokuwa akinyonya na kubebwa. Mama aliyejipamba kama alivyofundishwa kuwa ni heshima kwake alikuwa akimlisha mwanawe sumu bila kujua. Marufuku kamili ya poda ya risasi ilikuja katika miaka ya 1930. Historia za vipodozi zinazochapishwa na makampuni hupita hapa kwa sentensi moja au mbili, zikikimbilia ugunduzi wa poda salama. Idadi ya kurasa zinazopewa watoto hao ingepaswa kuwa swali la utafiti.

5. Kivuli cha Tanizaki

Mwaka 1917 kampuni ya Shiseido, iliyoanza mwaka 1872 kama duka la dawa za Kimagharibi mtaani Ginza, ilitoa poda ya rangi saba, zikiwemo njano, waridi, kijani na zambarau. Mwanamke wa kisasa alitakiwa sasa achague rangi inayolingana na uso wake na mwanga wa mahali aendapo. Weupe mmoja wa kuwekwa juu ya kila mtu ulikuwa umeanza kupasuka.

Tanizaki Jun'ichirō ndiye aliyeuandika mpasuko huo kwa undani. Katika riwaya yake ya mwaka 1924, *Chijin no Ai*, msimulizi anamlea Naomi, msichana wa mkahawani ambaye sura yake inamkumbusha wanawake wa filamu za Kimarekani. Anapoushika mkono mweupe wa mwalimu wa dansi wa Kirusi, anauonea haya mkono wake mwenyewe ulio mweusi kando yake. Huu ni weupe mwingine kabisa, wenye mbari ndani yake, na unaumiza. Miaka tisa baadaye Tanizaki alianza kuchapisha insha *In'ei Raisan*, inayosifu vivuli, akaurudia uso wa mwanamke wa zamani aliyekaa gizani na meno yake meusi. Humo anadai kwamba weupe wa Mjapani, hata ukiwa mkubwa kuliko wa Mzungu fulani, una ukungu ndani yake usioweza kufutwa kwa poda yoyote. Insha hiyo husomwa kama maombolezo ya urembo uliopotea. Ikisomwa baada ya riwaya, inaonekana kuwa jibu: aliyeshindwa kwenye mwanga wa umeme amehamishia pambano gizani, ambako atashinda. Weupe wa Kijapani kama kitu cha pekee cha taifa unazaliwa katika kulinganishwa huku, na si katika kasri la Heian.

Ndiyo maana natofautiana kidogo na Mikiko Ashikari, ambaye tafiti zake za mwaka 2003 na 2005 juu ya wanawake wa tabaka la kati mijini ndizo bora zaidi tulizonazo. Ashikari anaonesha kwamba wanawake hao hawajioni wakiwaiga Wazungu; wanaamini kwamba kuna weupe wa Kijapani, na kwamba ngozi yao ni bora kuliko ya Mzungu. Ushahidi wake unashawishi. Lakini imani hiyo ya sasa haiwezi kuchukuliwa kuwa urithi wa moja kwa moja wa zamani, kwani njiani kuna mkono wa yule Mrusi.

6. Bihaku

Karne ya 20 haikwenda kwa mstari ulionyooka. Mwaka 1966 tangazo la Shiseido la msimu wa joto lilimwonesha mwanamitindo Maeda Bibari akiwa ameungua jua ufukweni, na kwa miaka kadhaa ngozi ya kahawia ikawa alama ya afya na likizo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wasichana wa mtaa wa Shibuya walijikausha mpaka wakaitwa *ganguro*, jina ambalo masikio mengi husikia ndani yake "uso mweusi", wakapaka rangi nyeupe kuzunguka macho na midomo. Vyombo vya habari viliwakejeli vikali. Katika miaka hiyohiyo Suzuki Sonoko, mfanyabiashara aliyejitokeza kwenye televisheni na uso uliong'aa kama karatasi, alilifanya neno *bihaku* kuwa la kila siku.

Neno hilo lina silabi chache na mzigo mkubwa: *bi* ni uzuri, *haku* ni weupe. Hakuna kitenzi ndani yake. Halisemi kwamba kitu kitapauka au kuchubuka. Sheria ya dawa ya Japani nayo hairuhusu kipodozi kiahidi kubadilisha rangi ya kuzaliwa. Kinachoruhusiwa ni kusema kwamba bidhaa huzuia kutengenezwa kwa melanini na kukinga madoa. Basi *bihaku* husema kwa herufi mbili kile ambacho sheria hairuhusu kisemwe kwa sentensi. Lugha yetu haikupata stara hiyo. "Mkorogo" hutaja mchanganyiko ndani ya kopo, "kujichubua" hutaja ngozi inayotoka. Maneno yote mawili yanamlaumu mtumiaji, ilhali *bihaku* linamsifu.

Julai 2013 kampuni ya Kanebo iliondoa sokoni bidhaa zake za *bihaku* zenye kemikali ya rododenoli, iliyokuwa imeidhinishwa mwaka 2008. Watumiaji walikuwa wameota mabaka meupe usoni, shingoni na mikononi, hali ambayo Waswahili wangeiita mbalanga. Walioathirika walizidi 19,000. Katika Kijapani mabaka hayo huitwa *hakuhan*, na *haku* yake huandikwa kwa herufi ileile ya *bihaku*. Weupe ulioahidiwa ulikuja, ila ulikuja vipandevipande, na wanawake wengi wakalazimika kununua poda ya rangi ya ngozi ili kuuficha.

Mwezi Machi 2021 kampuni ya Kao, inayoimiliki Kanebo, ilitangaza kwamba itaacha kutumia neno *bihaku* katika bidhaa zake, kwa kuzingatia utofauti wa rangi za watu. Maelezo ya kuzuia melanini na kukinga madoa yamebaki kwenye chupa, kwa maneno yaleyale ya sheria.